Kikapu na Jazz: Mtazame Asiye na Mpira

Wanaofuatilia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wana usemi wao: mpira wa kikapu ni jazz. Utausikia kwa watangazaji, kwa makocha, hata kwa wachezaji wenyewe wakihojiwa. Mara nyingi hutolewa pale mtu mmoja anapofanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: amewapita walinzi wawili, amebadili mkono akiwa hewani, mpira umezama. Basi msikilizaji anabaki na picha kwamba jazz ni muziki wa mtu mmoja anayejifanyia atakavyo, na kikapu ni mchezo wa namna hiyo hiyo.

Mimi ni shabiki tu wa vyote viwili. Sipigi chombo chochote na sijawahi kufundisha timu. Lakini kadiri ninavyosikiliza na kutazama, naona usemi huo ni wa kweli kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ile inayotajwa. Yule mwenye mpira na yule mwenye tarumbeta mdomoni hawafanani sana. Wanaofanana ni wale wengine, waliobaki bila mpira na bila solo, pamoja na makubaliano yanayowaunganisha ambayo mtazamaji hayaoni. Ukiyaelewa makubaliano hayo, michezo mingi uliyodhani ni vurugu ya vipaji itaanza kuonekana kama mpango, na jazz iliyokuwa ikikuchosha itaanza kusikika kama mazungumzo.

Tuanze na muziki, maana huko ndiko watu wengi wanakopotea.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mtego wake wa pekee hapa. Jina hili tumelizoea kwenye bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na OK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilipiga dansi na rumba, siyo jazz iliyokulia New Orleans ikahamia Chicago na New York. Hata hivyo mlango wa kuingilia tunao: sebene. Wimbo ukishafika kwenye sebene, gitaa la solo linachomoka na kwenda linakotaka, huku ridhimu na besi vikizunguka palepale bila kuchoka. Jaribu kumfikiria mpiga ridhimu akiamua naye kuchomoka. Solo ingekuwa nzuri vilevile kwa vidole, lakini ingekuwa inaelea hewani, na wacheza dansi wangesimama. Jazz inategemea hesabu hiyo hiyo, ila wameipeleka mbali zaidi.

Chukua "So What" ya Miles Davis, iliyorekodiwa tarehe 2 Machi 1959 New York, ndani ya albamu ya Kind of Blue. Umbo lake ni vipimo 32, kila kipimo kina mapigo manne. Vimegawanywa vinane vinane: fungu la kwanza, fungu la pili linalorudia la kwanza, fungu la tatu ambalo kila kitu kinapanda nusu sauti, halafu la nne linalorudi chini pale tulipoanzia. Mapigo 128, basi. Yakiisha, yanaanza upya. Kwanza bendi inapiga wimbo wenyewe kuzungukia umbo hilo mara moja. Kisha Miles anaingia na tarumbeta na kubuni sauti zake juu ya umbo lilelile, akifuatiwa na John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, kisha Bill Evans kwenye piano. Mwisho wanarudi kwenye wimbo.

Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba mzunguko hausimami kamwe. Coltrane anapotiririka, yeye na wenzake wote wanahesabu kichwani: sasa tuko fungu la pili, kipimo cha saba, kimebaki kimoja tupande. Hakuna anayeonyesha kwa kidole. Besi ya Paul Chambers inapanda, piano inapanda, saksafoni inapanda, wote kwa pigo moja. Anayesema jamaa hawa wanapiga wanavyojisikia hajasikia pale wanapopanda.

Na anayepotea anaumbuka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 huko Kansas City, mpiga saksafoni Charlie Parker, akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu, alipanda jukwaani kujaribu bahati yake na wakubwa. Alianza vizuri, kisha akapoteza njia: vidole vinakwenda, lakini hajui yuko wapi kwenye umbo. Mpiga dramu Jo Jones akang'oa tasa la dramu, ile sahani ya shaba, na kulitupa sakafuni karibu na miguu ya kijana. Ukumbi ukacheka. Kiangazi kilichofuata Parker alikwenda milimani Ozarks na rekodi za bendi ya Count Basie, akakaa na solo za Lester Young, mpiga saksafoni wa bendi hiyo, mpaka zikamwingia mwilini. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waliobadili namna jazz inavyopigwa dunia nzima.

Huyo Jo Jones tusimwache hivihivi, maana alikuwa sehemu ya kundi ambalo kwangu ndilo somo zima. Bendi ya Count Basie mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa na watu wanne wa nyuma: Basie mwenyewe kwenye piano, Walter Page kwenye besi, Jones kwenye dramu, na Freddie Green kwenye gitaa. Green alijiunga mwaka 1937 na akabaki kwenye bendi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1987. Nusu karne. Katika muda wote huo solo zake ni za kutafuta kwa tochi. Kazi yake ilikuwa kugonga gitaa mara nne kila kipimo, gitaa lisilounganishwa na umeme, kwa sauti ndogo kiasi kwamba kwenye rekodi nyingi hulisikii mpaka ulitafute. Lakini wapiga tarumbeta na saksafoni walijua likinyamaza. Wanne hao walifanya kazi kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na hakuna anayetazama mikono ya mwenzake.

Mpiga piano naye ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwenzake anapokuwa kwenye solo, yeye hagongi tu kodi (noti kadhaa zinazogongwa pamoja, siyo kodi za TRA) kama zilivyoandikwa. Anachagua aigonge lini, aiache lini, amjibu mwenzake au ampishe. Akizidisha, anamfunika. Akipunguza mno, anamwacha peke yake.

Mpiga piano Herbie Hancock amesimulia mara nyingi kisa cha miaka ya 1960, bendi ya Miles ikiwa ziarani Ulaya. Walikuwa wakipiga hiyohiyo "So What", umati umependezwa, Miles yuko katikati ya solo. Hancock akagonga kodi isiyohusika kabisa, kosa la wazi kabisa. Akashika masikio. Miles akapumua kidogo, kisha akapiga noti ambazo, zikiwekwa juu ya kodi ile, ziliifanya iwe sahihi. Hancock anasema yeye aliisikia ile kodi kama kosa, ilhali Miles aliisikia kama jambo lililotokea, na kazi yake ikawa ni kutafuta la kufanya nalo. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa ukarimu wa Miles. Mimi nakiona zaidi kama ushahidi wa masikio yake. Huwezi kuokoa kosa la mwenzako kwa muda mfupi hivyo kama ulikuwa unajisikiliza mwenyewe.

Sasa tuhamie uwanjani, lakini tupitie Harlem kwanza, maana jazz na kikapu havikukutanishwa na watangazaji wanaotafuta maneno matamu. Viliishi nyumba moja.

Mwaka 1923 Bob Douglas, mhamiaji kutoka Saint Kitts katika visiwa vya Karibi, alikuwa na timu ya kikapu ya watu weusi lakini hakuwa na uwanja. Harlem kulikuwa na ukumbi mpya wa dansi uitwao Renaissance, ambao nao ulihitaji watu wa kuujaza. Makubaliano yakawa kwamba timu ichukue jina la ukumbi, na ukumbi uipe timu sakafu. Ndivyo ilivyozaliwa New York Renaissance, maarufu kama Rens. Mtu alilipa kiingilio kimoja, akatazama mchezo, kisha vikapu vikaondolewa na bendi ikapiga watu wakacheza mpaka usiku mkubwa. Sakafu ni ileile. Waliokimbia juu yake saa mbili usiku na waliozunguka juu yake saa tano walitofautiana viatu tu.

Ligi za wakati huo ziliwafungia mlango wachezaji weusi, hivyo Rens walisafiri mji kwa mji wakicheza na yeyote aliyekubali. Msimu wa 1932-33 walishinda michezo 88 mfululizo. Mwaka 1939 walikwenda Chicago kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za kulipwa, wakaitoa Harlem Globetrotters njiani, na fainali wakaifunga Oshkosh All-Stars 34-25. Sifa yao kubwa ilikuwa pasi: mpira ulihama mkono kwa mkono na haukuguswa sana chini. Sitadai kwamba bendi za ukumbini ndizo zilizowafundisha hivyo, kwa kuwa hakuna wa kulithibitisha. Lakini watu walewale, mtaa uleule, wikendi ileile walikuwa wakitazama watu watano wakipeana mpira na kisha kusikiliza watu kumi na wawili wakipeana wimbo.

Kuna jambo jingine la kihistoria ambalo bila hilo kikapu cha leo kisingefanana na muziki wowote. Mwanzoni timu iliyokuwa ikiongoza iliweza kushika mpira na kukaa nao. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19-18, mchezo mzima. Watu walilipa kutazama hivyo! Mwaka 1954 NBA ikaweka saa ya sekunde 24: usiporusha kwenye kikapu ndani ya muda huo, mpira si wako. Wengi huichukulia saa hii kama kiboko cha kuwaharakisha wachezaji. Mimi naichukulia kama vipimo 32. Imeupa mchezo mzunguko. Kila baada ya sekunde chache tunaanza upya, kila mtu anajua mzunguko umefika wapi, na ndani ya mpaka huo mfupi ndipo ubunifu unapopata maana. Ukimpa mtu muda usio na mwisho, hana sababu ya kuamua lolote.

Tukishafika hapo, mashambulizi ya pembetatu hayatatusumbua. Mfumo huu ulikuzwa na kocha Tex Winter, ambaye aliuandikia kitabu mwaka 1962, na ukapata umaarufu pale kocha Phil Jackson alipopewa Chicago Bulls mwaka 1989 akiwa na Winter kama msaidizi. Kwa maelezo ya haraka: upande mmoja wa uwanja wanasimama watatu, mmoja kwenye kona, mmoja pembeni karibu na mstari wa pointi tatu, mmoja karibu na kikapu akiwa amempa mlinzi mgongo. Hao ndio pembetatu. Wawili waliobaki wanakaa upande wa pili. Kati ya mtu na mtu kuna kama mita nne na nusu hadi tano na nusu. Umbali huo haukuchaguliwa ovyo. Ukiwa mfupi zaidi, mlinzi mmoja anaweza kuwazuia wawili. Ukiwa mrefu zaidi, pasi inachelewa na kunaswa.

Baada ya hapo kocha hatangazi lolote. Katika mifumo mingine mwongoza timu huja na mpira akionyesha vidole vitatu au kujigusa kichwani, ishara kwamba tunacheza mpango namba fulani. Kwenye pembetatu anayetangaza ni mlinzi wa timu pinzani, bila kujua. Akiziba pasi ya kwenda karibu na kikapu, mpira unarudi juu na mtu anapita nyuma yake. Akikimbilia kumsaidia mwenzake, anayemwacha anajua aende wapi. Wote watano wanapaswa kumsoma mlinzi huyo mmoja na kufikia jibu moja kwa wakati mmoja. Mmoja akisoma tofauti, pasi inakwenda mahali pasipo na mtu na shabiki analaani aliyeitoa.

Ndiyo maana mfumo huu ni mgumu kujifunza, na ndiyo maana nyota huuchukia mwanzoni. Michael Jordan aliongoza NBA kwa pointi misimu mitatu mfululizo kabla ya Jackson, bila ubingwa hata mmoja. Chini ya Jackson aliendelea kuongoza kwa pointi misimu saba mingine na akachukua ubingwa mara sita. Pointi zake hazikupotea. Kilichobadilika ni kwamba walinzi hawakuweza tena kumfuata yeye peke yake.

Sekunde chache za Juni 13, 1997 zinaonyesha hilo kuliko maelezo yangu yote. Fainali, mchezo wa sita, Chicago. Wageni ni Utah Jazz, ambao jina lao tutalirudia. Matokeo ni 86-86 na muda unakaribia kwisha. Chicago wanaomba mapumziko. Jordan, aliyemaliza usiku ule na pointi 39, amekaa kwenye benchi, na kamera zikamnasa akimgeukia mwenzake Steve Kerr na kumwambia ajiandae, maana John Stockton wa Utah atamwacha Kerr aje kumkaba yeye Jordan. Kerr akamjibu kwamba atakuwa tayari. Mchezo ukaanza tena. Jordan akapokea mpira upande wa kushoto, Bryon Russell mbele yake. Uwanja mzima unajua atarusha. Stockton akamwacha Kerr, hatua moja, mbili. Jordan akatoa pasi. Kerr akarusha kutoka karibu na kichwa cha boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya kikapu, zikiwa zimebaki sekunde tano, na mpira ukazama. Utah walipojaribu kuanza upya, Scottie Pippen wa Chicago akaugusa mpira wao, mwenzake Toni Kukoč akaukimbilia na kuusukumiza kikapuni. 90-86, ubingwa.

Mtazame Kerr ukiirudia video. Kabla ya pasi hafanyi lolote la kuvutia. Amesimama mahali panapotakiwa, miguu imeelekea kikapuni, mikono iko juu. Kazi yake ni kuwa tayari kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Freddie Green wa kikapu, kama utaniruhusu. Na Kerr huyohuyo alipogeuka kocha wa Golden State Warriors mwaka 2014, alichanganya vipande vya pembetatu na mambo mapya, akapata ubingwa 2015, 2017, 2018 na 2022. Nyota wake Stephen Curry anasifiwa kwa kurusha kutoka mbali, na ni haki yake. Lakini hebu mkazie macho pale anapokuwa ametoa mpira. Anakimbia, anapita nyuma ya huyu, anajificha mgongoni mwa yule, anarudi. Walinzi wawili wanamfuata kwa hofu, na mwenzao anabaki peke yake chini ya kikapu akifunga kirahisi. Kwenye takwimu Curry hapati kitu kwa bao hilo.

Jackson mwenyewe alipokuwa rais wa New York Knicks kati ya 2014 na 2017 alitaka pembetatu ichezwe huko, na haikuzaa matunda. Michoro ilikuwa ileile. Watu wa kuisoma pamoja hawakuwepo, na waliokuwepo hawakukaa pamoja muda wa kutosha. Hapo Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz, angemcheka kidogo. Ellington aliandika muziki kwa kumfikiria mtu, hakuandikia saksafoni ya pili bali aliandikia mpiga saksafoni Harry Carney, ambaye alikuwa naye tangu 1927 hadi 1974. Mtu akiondoka, sauti nayo iliondoka, na Ellington aliandika upya kwa ajili ya aliyekuja.

Kuhusu jina la Utah Jazz, ni ajali ya biashara tu. Timu ilianzishwa New Orleans mwaka 1974, ambako jina hilo halikuhitaji maelezo. Mwaka 1979 ikahamia Salt Lake City na kuondoka na jina lake, hadi mji unaojulikana zaidi kwa kwaya kubwa ya kanisa. Kichekesho hicho kimechezewa sana. Lakini Stockton na Karl Malone, waliocheza pamoja hapo misimu 18, walikuwa na jambo lao la kijazz kuliko wanavyopewa sifa. Walirudia mchezo mmoja maelfu ya mara: Malone anasimama kama ukuta kumzuia mlinzi wa Stockton, Stockton anapita, Malone anageuka kukimbilia kikapuni. Kila timu ilijua kinachokuja. Stockton alimaliza na asisti (pasi zinazozaa bao) 15,806, rekodi ya NBA. Wapiga jazz nao hurudia wimbo uleule maisha yao yote, na mashabiki wanakuja kusikia safari hii utatokea wapi.

Sasa pale ulinganisho unapovunjika, maana unavunjika, na wanaousifia hupita hapo kwa haraka.

Kwanza, jazz haina mpinzani. Kulikuwa na mashindano ya jukwaani, mpiga saksafoni akimtafuta mwenzake usiku kucha mpaka mmoja afunge chombo chake, lakini hata hapo bendi ilimsindikiza kila mmoja kwa uaminifu uleule. Uwanjani kuna watu watano ambao kazi yao yote ni kuharibu mazungumzo yenu. Kosa la Hancock liliokolewa kwa sababu hakuna aliyekuwa akilisubiri alipore. Pasi mbovu ya kikapu haiokolewi kwa masikio mazuri, inageuka pointi mbili za wengine.

Pili, si kila mchezo wa timu unaingia kwenye ulinganisho huu. Futiboli ya Kimarekani, yenye mpango ulioandikwa kwa kila mtu na kusimama kila baada ya sekunde chache, iko karibu zaidi na okestra yenye karatasi za noti. Besiboli ni mtu na mtu, wengine wakisubiri zamu. Soka letu liko katikati: lina mtiririko, lakini uwanja ni mpana mno na mabao ni machache, kiasi kwamba mzunguko mmoja unaweza kuchukua nusu saa. Wenye kupenda pasi fupi za katikati watanibishia, na wana hoja, ila nadhani watu watano kwenye eneo dogo ndio wanaokaribia idadi ya bendi ndogo ya jazz, na idadi hiyo ina maana. Wote wanaonana. Hakuna wa kujificha.

Jambo moja la maabara linastahili kutajwa, kwa tahadhari. Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun walichapisha utafiti wa wapiga piano sita wa jazz waliolazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwa na kinanda kidogo mapajani. Walipobuni papo hapo, sehemu za ubongo zinazohusika na kujichunguza na kujizuia zilipungua kazi, na nyingine zinazohusiana na kujieleza zikaongezeka. Ni watu sita tu, na hakuna mlinzi aliyekuwa akiwarukia. Lakini mchezaji yeyote aliyewahi kukosa mtupo wa wazi kwa sababu alipewa muda wa kuufikiria ataelewa walichokiona.

Ukitaka kujaribu haya mwenyewe, usianze na mchezo. Anza na "So What", dakika tisa na kidogo. Mwanzoni besi inasema sentensi na piano inaijibu kwa kodi mbili, kisha tarumbeta na saksafoni zinachukua jibu hilohilo. Miles akiingia kwenye solo, mwache. Mfuate Chambers chini, subiri apande fungu la tatu, hesabu mpaka ashuke. Baada ya dakika ya saba ni zamu ya Bill Evans kwenye piano, na Miles, Coltrane na Adderley wangeweza kukaa pembeni kunywa maji. Hawakukaa. Wako nyuma yake, wakimwekea yaleyale majibu ya noti mbili ambayo piano ndiyo iliyoyaanza.